Kiti cha Mbele

Walianzia gereji ya baba yake Garnet, Yorkton,
baridi ya kuua betri za magari,
vidole vikinata kwenye nyuzi za gitaa.
Kisha baa za wachimba migodi, chupa zikirushwa.
Kisha viwanja vya magongo,
mbao zimetandikwa juu ya barafu,
watu elfu kumi na nne wameinua viberiti
na ubaridi unawapanda kimyakimya nyayoni.

Ugomvi? Wengine husema pesa, wengine mke.
Mimi niliyebeba spika zao nasema:
kiti cha mbele cha gari.

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Orest wa besi alilima kweli:
ngano, ekari mia nane, miaka kumi na tisa.

Leo, Winnipeg. Garnet ana goti la chuma.
Nyimbo tumezishusha nusu daraja; usiseme.
Murdo kaketi nyuma ya ngoma, miwani puani,
hajamtazama.

Taa zinazimwa.
Anainua vijiti, anavigonganisha,
na maneno ya kwanza anayomwambia
tangu siku ile garini
ni moja, mbili, tatu