Kibao cha Msimbati

Mtendaji alinipigia simu: "Fundi Chitanda,
njoo na brashi. Kisomeke tangu barabarani."
Tukapatana kwa herufi, kila moja mia tano,
nafasi katikati ya maneno bure.

HATARI. PAPA.
Herufi kumi. Elfu tano.
Nauli ya pikipiki ilikuwa bado haijarudi,
nikamwomba na picha.

Papa mzima sikuwahi kumwona.
Niliyemjua ni wa vipande,
ng'onda asiye na macho, kalala kwenye tui.
Basi nikampa meno ya msumeno,
macho ya dereva wa lori aliyekesha,
na damu nyingi, maana nyekundu ilibaki
ya mlango wa saluni ya Mikindani.
Watoto wakaja, wakamshika pua,
wakaondoka wakicheka kwenda kuoga.

Ndipo akaja Somoe, mwalimu wa hesabu.
Akapandisha pindo la kitenge kidogo tu:
kwenye shavu la mguu, upana wa kiganja,
ngozi imeparuzwa kama mbao iliyopigwa msasa.

"Hakuniuma," akasema. "Alinipitia,
kama mwenye gunia anavyokupitia mnadani
na asigeuke.
Maji yalikuwa rangi ya chai, Ruvuma imeshusha udongo.
Jua limezama. Niko peke yangu.
Shingoni cheni inametameta kama dagaa.
Nimejumlisha, makosa yangu manne.
La tano si langu."

Akanyoosha kidole kule penye mawe
wanapopasulia samaki kila alfajiri,
matumbo yakielea, kunguru wakigombana.
"Tunamwandikia meza,
halafu tunapiga kelele amekuja kula.
Futa hiyo damu. Andika."

Akanisomea polepole, kama imla ya darasa la tatu:

MAJI YAKIWA TOPE, USIOGELEE.
USIINGIE PEKE YAKO, WALA JUA LIKIZAMA.
VUA KINACHONG'AA.
UKIMWONA USITAPATAPE. MTAZAME, RUDI TARATIBU.
MATUMBO YA SAMAKI YASITUPWE HAPA.

Mtendaji alikuja jioni, akahesabu kwa kidole,
midomo ikicheza, jasho likimtoka.
Alipofika kwenye matumbo akasimama.
"Huu wa mwisho toa. Wale pale mawe
ni wapiga kura."
Akalipa HATARI, akalipa PAPA,
hayo mengine akasema tutaonana.

Nikautoa.
Kesho yake, kabla hajaamka,
nikauandika nyuma ya kibao,
upande unaotazama mawe na bahari,
herufi kubwa kuliko zote, rangi ya saluni.
Huo sikumdai mtu.

Saa nne Somoe akashuka na wanafunzi wawili,
shingo tupu, maji yakionyesha vidole vya miguu.
Pale Msimbati mchanga una hatua sita,
ya saba haina chini.
Wakahesabu kwa sauti. Kwenye ya tano
akawasimamisha, akawafundisha kuelea.

Mimi kuogelea sijui, nasema kweli.
Nilivua viatu, nikakunja suruali,
nikaingia mpaka magotini,
nikageuka
nikausoma mstari wangu
kutoka upande wa papa.