Mstari wa Kumi na Tatu

Daftari la kwanza lilikuwa na jalada la bluu.
Majina kumi na mawili, na mbele ya kila jina
visanduku vitatu nilivyopiga kwa rula:
usingizi, mwili, moyo.
Kila alfajiri, kabla mipira haijatoka wavuni,
niliuliza, wakajibu, nikaandika.
Mwaka ule mimi mwenyewe nililala kama gunia la mtama.
Mbale walitufunga arobaini na moja kwa tisa,
tukarudi Tororo nyuma ya lori tukicheka,
nyusi nyeupe kwa vumbi la simenti,
wazee wa miaka kumi na saba.

Daftari la nne, tukawa mabingwa wa mashariki.
Mwenyekiti Ofwono alichinja mbuzi, akanong'ona
mate ya nyama yakiwa bado mdomoni:
"Mwakani, Kocha, tunataka taifa."
Hakuna aliyenionya kwamba ushindi una riba.
Usiku ule dari likawa uwanja.
Nikampanga Akoth, nikamtoa Akoth, nikamrudisha,
hadi muadhini akanikuta
nikipuliza kipenga kisichokuwepo.

Mume wangu hakugomba. Alisema tu, akifunga kamba za viatu:
"Mpira wa pete. Kumbe pete ni ile ya juu ya mlingoti.
Hii ya kidoleni ni ya nini?"
Nikamjibu ligi ikiisha tutazungumza.
Ligi haziishi. Hupumzika wiki tatu.

Kisha goti la Adikini.
Lililia kama kuni kavu, jukwaa zima likasikia.
Wao hawakusikia nilichomwambia mapumzikoni
aliponionyesha palipovimba:
vumilia.
Neno dogo. Mama alinipa, na mimi nikaligawa
kama maji ya kunywa.
Siku hizi Adikini anauza muda wa maongezi karibu na stendi.
Hunisalimu vizuri. Afadhali angenitukana.

Daftari la tisa lina kurasa nilizozichana.
Mwaka huo nilijifungia stoo kabla ya mechi
nikahesabu mipira: kumi na mmoja.
Nikahesabu tena. Kumi na mmoja.
Mikono ikatetemeka kama ya mtu mwenye malaria,
na malaria sikuwa nayo; nilipima mara mbili.
"Kocha, tumeshapasha misuli."
"Nakuja."
Nikavaa tabasamu kama wanavyovaa zile fulana za namba,
juu ya jasho, nikatoka.

Mwezi Machi mwaka huu, daftari la kumi na moja,
nilimwachia Nyafwono kazi ya kuuliza
nikaenda kuchota maji.
Niliporudi, chini ya majina kumi na mawili
kulikuwa na mstari uliopinda, wa penseli, bila rula:
Kocha. Usingizi? Mwili? Moyo?
"Jaza," akasema, karanga mdomoni.
Nikacheka. Hakucheka.
Nikamwamuru mizunguko mitatu ya uwanja kwa utovu wa adabu.
Akakimbia yote, hakukata kona hata moja,
akarudi akihema, mikono kiunoni:
"Bado hujajaza."

Nikaandika saa saba. Nikafuta.
Nikaandika mbili.
Kwenye moyo penseli ilisimama hadi ncha ikakatika.

Alhamisi sasa naenda kwa Sista Akongo, hospitali kuu,
chumba cha nyuma, baada ya cha chanjo.
Nangoja kwenye benchi na akina mama wenye vitoto;
juzi kimoja kilinishika kidole, kile chenye pete,
hakikutaka kuachia.
Sista hana dawa ya haraka. Ana kiti, na saa ya ukutani
ambayo haihesabu magoli.
Mipira bado naihesabu, siku nyingine, mara mbili.
Jumapili nilimpelekea Adikini neno lingine,
lile nililopaswa kusema mapumzikoni.
Alinyamaza, akanisogezea kigoda.

Leo, Jumanne. Usingizi: saa nne na nusu.
Mwili: kiuno, upande wa kushoto.
Moyo:
subiri, Nyafwono, usiniharakishe. Naandika.