Risiti ya Maji

Barua tatu tulimwandikia Randu,
yule mrefu wa Changamwe, mkataba umemwisha.
Jumamosi akaja kiwanjani, Tononoka.
Tukampa maji ya chupa, baridi,
tukamwonyesha ringi: moja ina wavu,
ya pili chuma kitupu,
mpira ukipita pale, tunabishana.

Akauliza taa. Zaja, tukamwambia.
Akauliza posho. Yaja.
Ndipo akamgeukia Mwachiro, nahodha wetu,
magoti kayafunga bendeji ya msimu wa juzi:
“Na wewe, walikwambia lini?”

Mwachiro akacheka,
akainama kufunga kamba za viatu
zilizokwisha kufungwa.

Jumatatu Randu kapanda treni, kasaini Nairobi.
Katibu akawaka: vijana wa leo, pesa mbele!
Na tena, kizuri chajiuza, akasema,
kana kwamba si sisi tuliotembeza barua.

Mimi, mweka hazina, nilinyamaza.
Mfukoni nina risiti,
chupa moja, shilingi hamsini:
mwaka huu mzima
ndicho kitu pekee tulichomlipia mchezaji
papo hapo.