Huisha

Jumamosi, darasa la mwisho, lile karibu na choo.
Tandika, saa tatu, mabati yameanza kualika kwa jua.
Meza ya mwanga tumeiunda wenyewe:
kioo cha dirisha kutoka stoo,
balbu moja, matofali mawili.
Simu yangu yenye ufa imefungwa kwa mpira wa baiskeli
kwenye bomba la maji, inatazama chini
kama mhasibu.

Wiki ya kwanza tulidundisha mpira.
Mpira tu. Wakacheka.
Wa Hidaya ulidunda kama andazi la jana.
Wa Kulwa ulipaa, haukurudi;
akasema, "Mwalimu, huo kaupiga beki wa kwetu."
Nikawaambia mpira una uzito, hata wa penseli.
Ukigusa chini, ubonyeze kidogo.
Ukifika juu, usiuharakishe:
kule juu kila kitu husita.

Mkuu wa shule akachungulia dirishani.
"Hii itatoka kwenye mtihani?"
Haitatoka, nikasema.
Akabaki. Akatazama karatasi tano, sita.
Akaondoka akirusha funguo zake juu,
akizidaka.

Neno lenyewe niliwaandikia ubaoni: HUISHA.
Shomvi wa kidato cha tatu, anayekaa nyuma,
ambaye sijapata kumsikia akiuliza,
akanyoosha kidole.
"Huisha ya kutia uhai,
au huisha, kama chaki huisha?"
Darasa zima likanigeukia.
Kazi hii nimeisomea miaka miwili,
naifundisha mwaka wa nne,
na hilo sikuwahi kuliona.
Yote mawili, nikasema.
Nilisema hivyo kwa kukosa jibu jingine.

Kazi ya mwisho: chora mwendo unaojirudia.
Hidaya kachora feni.
Kulwa kachora jirani yao akitafuna muwa, na makapi yakiruka.
Shomvi kachora mguu.

Mguu mmoja, kandambili ya bluu, kisigino kimepasuka,
juu ya pedali ya cherehani.
Kisigino chini, vidole juu.
Vidole chini, kisigino juu.
Kati ya picha hizo mbili nilimwomba sita.
Akaleta kumi na nne.
Katika ya tisa kidole gumba kinanyanyuka peke yake,
kidogo, bila kazi.
"Hapa penseli imeteleza?"
"Hapana, Mwalimu. Ndivyo kilivyokuwa."

Kilivyokuwa.
Nikarudi kwenye meza, nikapanga karatasi
zilizokuwa tayari zimepangwa.

"Nikirudisha ya kwanza baada ya ile ya mwisho,
mguu utaendelea?"
"Utaendelea."
"Mpaka lini?"

Hapo ndipo luku ikakata.

Balbu ikafa papo hapo. Feni haikufa hivyo;
ilizunguka, ikapunguza, ikapunguza tena,
mapanga yakaanza kuhesabika,
moja, mbili, tatu.
"Tazameni," nikasema, maana ualimu ni ugonjwa,
"hivi ndivyo kitu kizito kinavyosimama.
Chora hivyo. Usikate."
Wakatazama dari wote.
Shomvi hakutazama dari.

Alikusanya karatasi zake, akazibana kwa kibanio cha nguo,
akazipeperusha kwa kidole gumba.
Mguu ukaenda.
Bila umeme, bila simu, mguu ukaenda,
kandambili ikipiga kisigino bila kutoa mlio.

Kulwa, mtu wa mzaha, ndiye aliyeanza.
Kucha juu ya dawati: tiki tiki tiki tiki.
Nikataka kumkanya.
Hidaya akadaka, halafu dawati la mbele,
halafu wote ishirini na wawili
wakawa wanashona hewa,
wakienda kasi kidole chake kinapokwenda kasi,
wakingoja anapozigeuza aanze upya,
na pale penye picha ya tisa
(sijui nani alilitambua kwanza)
wakaruka pigo moja.

Mlinzi akaja na kufuli mkononi.
Akasimama kizingitini, akatega sikio, akatukagua.
"Nani kaleta cherehani humu?"