Jua la Julai

Glasi ya pili haijaisha
na tayari kuna seremala
nyuma ya jicho langu la kushoto.

Hapa Kakheti kukataa ni tusi.
Mjomba Zauri amesimama, pembe mkononi,
anawakumbuka marehemu, kisha wajukuu,
kisha mbwa wake aliyekufa wakati wa theluji.

"Ni dawa wanazotia," asema shangazi Tsiala.
Dawa gani? Mtungi tuliufukia wenyewe;
mlikuwa na zabibu tu, na miguu yetu iliyooshwa.
"Basi hukula mkate."
Nimekula.
"Basi ni kijicho cha jirani."

Nukri, anayesoma kemia Tbilisi,
anachuna zabibu moja ya mavuno haya,
anainua ganda kwenye taa.
"Huenda ni hili. Tunda lililoota jua sana
hujishonea kivuli ndani ya ngozi,
na kivuli hicho kikishuka tumboni mwa mtu
husimama mlangoni, sumu ya kileo ichelewe kutoka.
Wanadhani tu. Hakuna aliyeapa."

Nakumbuka Julai ya mwaka jana: ngazi, mkasi,
mimi nikipunguza majani, kishada kwa kishada,
jua liingie, divai iwe nyeusi tii,
Mjomba apate kusifiwa hadi ng'ambo ya mto.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Changu nilikivua nguo mwenyewe.

Pembe imenifikia.
Ni zamu ya mbwa.
Nanywa yote, maana alikuwa mbwa mwema,
na seremala anabadilisha nyundo.