Hereni ya Njano

Ng'ombe mia nne na kumi na wawili waliuzwa Jumanne.
Kufikia Alhamisi walishakuwa wa watu wengine:
kila mmoja na hereni yake ya njano sikioni,
namba ikasomwa kwa kimashine, pii,
na malori yakashika njia ya Winton
yakidondosha kinyesi barabarani.
Ishirini tu waliswagwa kwa miguu, ng'ambo ya uzio,
kwa jirani.

Rodelio Macaraeg akabaki bandani
akiosha sakafu isiyo na wa kuichafua.

Naye ana namba.
Naye ana karatasi, na kwenye karatasi majina mawili,
lake na la Murray Tulloch, mwajiri,
moja juu ya jingine
kama ya maharusi.
Mdhamini, ndivyo anavyoitwa.
Neno lile lile la mahakamani,
la mtu anayeleta hati ya nyumba
ili mwenzake asilale rumande.
Kosa gani, Rodelio?
Alitaka kukamua.

Bwana Tulloch si mtu mbaya. Hili nalo liandikwe.
Alimnunulia gambuti mpya majira ya baridi ya kwanza,
akajifunza kusema salamat, akaikosea kila asubuhi.
Ni goti lililomshinda, na benki.
"Jirani anakutaka," alisema. "Nimeshaongea naye."

Shamba la jirani linaonekana dirishani:
mfereji, uzio, lango lenye bawaba inayolia.
Dakika nne.

Lakini kibali hakijui jirani.
Jirani kwanza aombe ruhusa ya kuwa mdhamini,
atangaze kazi, asubiri kama yupo mwenyeji
anayeitaka saa kumi alfajiri, juu ya barafu;
kisha Rodelio aombe upya, alipe upya,
apigwe picha ya kifua upya, mapafu yale yale.
Wiki nane. Labda kumi.
Na katika wiki hizo asiguse chuchu hata moja.

Jovelyn anapiga simu kutoka Pangasinan.
Umeshahamia?
Bado.
Si ulisema ni hapo tu?
Ni hapo tu.

Jioni anasimama langoni.
Namba 288, yule mpiga mateke,
aliyemvunja kidole mwezi wa Julai,
anamtambua, anajikokota hadi kwenye uzio,
anampumulia mvuke mkononi
kutoka upande ule.

Rodelio anajishika sikio.
Lina baridi.