Saba Chini ya Thelathini

Mimi ni fundi mizani, Barabara ya Stesheni, Tabora.
Asali ya Sikonge, karanga, tumbaku iliyolowanishwa makusudi:
hila zote za uzito nazijua.
Lakini hii karatasi siiwezi.
Nimeilaza juu ya mizani ya dhahabu,
mshale haukujisumbua.

Ilikuja kama deni.
Milembe binti Kasubi aliniletea mizani ya mama yake,
springi imechoka, sahani imeliwa na kutu.
Elfu kumi na nane, nikamwambia.
Akarudi na karatasi imeviringwa kwapani:
"Pesa sina. Nina huyu."
Nikapokea, shingo upande.

Huyu ni mtu aliyelala stesheni usiku,
saa ile mabehewa yanakatwa, haya Mwanza, haya Kigoma,
na kichwa cha treni kinapiga miayo gizani.
Kalalia gunia. Kiatu kimoja kakivua,
kakikumbatia kifuani kama barua.
Kimoja tu.
Cha pili kiko mguuni, kamba imefungwa mara mbili.

Alimchonga kwenye ubao wa mninga, jikoni kwao Isevya.
Akapaka wino, akalaza karatasi,
akaisugua mgongo kwa kijiko mpaka kiganja kikachubuka.
Mara thelathini.
Kisha akashika patasi, akaupasua ubao mfuo mmoja,
kona hadi kona. Sasa unafunika mtungi.
Nilimuuliza kwa nini.
"Ili usije ukaniomba ya thelathini na moja."
Chini kushoto, kwa penseli: 7/30.

Miaka sita ikaning'inia juu ya mawe ya ratili.
Mchoma mkaa wa Uyui alisema
jamaa amevua kwa sababu kinambana.
Mwalimu Nyanzala akakataa: amekificha kimoja kwa akili,
mwizi atafanya nini na kingine?
Walibishana mpaka nikafunga duka.

Halafu simu, Dar es Salaam. Dalali,
sauti imepakwa mafuta.
Namba ngapi? Pembe hazijakunjwa?
Jua limewahi kuipiga? Sahihi ni penseli au kalamu?
Laki nne, fundi. Chema chajiuza.
Habari ya kiatu hakuuliza.

Mwezi wa pili, laki tisa:
ya kumi na mbili imeungua na nyumba, Urambo.
Mwezi wa nne, milioni na nusu:
ya ishirini na tatu imechukuliwa na mafuriko.
Kila moja inayokufa huko, yangu inanenepa ukutani
bila kula.

Nikaanza hesabu za kichawi.
Namba nane iko kwa Kashindye, muuza vitenge, mkabala nami.
Mvua ikinyesha, nalitazama paa lake
kabla ya langu.
Na Jumanne alipovuka barabara, leso mkononi,
"Fundi, mchwa wameila. Wameacha fremu na kiatu,"
nikasema pole. Nikasema pole sana.
Kumbe ndani, mahali nisipowahi kupafanyia matengenezo,
mshale ukapanda.

Si kwamba pesa siitaki.
Bati zangu zinahesabu nyota,
Doto anangoja ada ya chuo cha uuguzi,
na milioni mbili ni milioni mbili
hata ukizipima kwa mizani mbovu.
Dalali atapiga Jumamosi.

Kwa sasa nimeifunika kanga. Mwanga, kasema, unakula wino.
Leo mchoma mkaa kaingia, katazama ukuta, kavua kofia.
"Yule bwana vipi? Kapata treni?"
Bado, nikamwambia. Yuko humo ndani. Anapanda bei.
Akafikiri kidogo.
"Na kiatu?"

Nikainua pindo la kanga,
tukachungulia.